Safu ya Dini Ibaki Tupu

Kilindo Cargo iko Sterling, nje kidogo ya Washington, nyuma ya duka la vigae, mahali ambapo ndege za uwanja wa Dulles hupita chini hadi unatamani kumuuliza rubani ametokea wapi. Pale Ijumaa iligawanywa vipande kama mkate wa mayai. Saa saba mchana Taufiq na Johari walikwenda msikitini, na Ethan akakaa kwenye simu. Saa tisa na nusu, miezi ya baridi, Ethan naye alivaa koti akakimbilia kwao Silver Spring aiwahi Sabato ya Kiyahudi kabla jua halijazama, na Taufiq akapanda foklifti kumalizia mizigo. Nkatha, ambaye zamu yake na Mungu ilikuwa Jumapili, alibaki katikati akila chapati za watu na kuwahesabu waliotoka na waliorudi.

Ratiba hiyo Johari aliiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika juu ya mashine ya kahawa. Ilikuwa imeingia mwaka wa sita, na hakuna aliyewahi kugombana kwa ajili yake, isipokuwa kila Machi wakati Wamarekani wanapozichezea saa zao na kuzisogeza mbele.

Biashara ya Kilindo ni vitanda. Hospitali za huku hubadilisha vitanda kama watu wanavyobadilisha simu. Kitanda kizima cha umeme, kinapanda, kinashuka, kinakunja magoti, kinatupwa kwa sababu rangi yake imepitwa na wakati. Nkatha ndiye aliyevinusa vilipo, maana nusu ya wauguzi wa Kikenya kutoka Rockville hadi Baltimore aliimba nao kwaya. Ethan alivitengeneza. Johari aliviandikia nyaraka. Taufiq, mwenye kampuni, aliviuza kwa mdomo, na mdomo alikuwa nao. Ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeweza kukuamkia dakika kumi nzima na usigundue kwamba bado hujapata nafasi ya kuitikia.

Johari ni wa Wete, Pemba. Alikuwa mke wa kaka yake Taufiq, Mungu amrehemu, na huyu shemeji ndiye aliyempa kazi siku ambazo hakuna mwingine aliyetaka kumwona. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa wagonjwa katika nyumba moja ya wazee, na huko ndiko dunia ilikomfundisha. Meneja alikuwa akimletea karatasi zinazosema bibi wa chumba fulani amegeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili. Alama za vema zimeshatiwa zote, yeye aweke saini tu. Akaweka, kwa heshima, maana mkubwa amesema. Bibi akatoka vidonda mgongoni. Wakaguzi walipokuja, meneja hakuwa na saini popote. Saini zilikuwa za Johari, mia na kitu, nzuri, za mviringo. Akapoteza cheti chake. Tangu hapo alisoma kila karatasi iliyomfikia, hata kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa ya mafua. Watu wakimcheka, alicheka nao, kisha akaendelea kusoma.

Sasa, Jumatatu moja ya Desemba, Taufiq aliingia akipiga mluzi. Alikuwa amempata Mzee Sheha, mzaliwa wa Unguja aliyehamia nchi za Ghuba angali kijana, na ambaye siku hizi anazinunulia vifaa hospitali za huko. Mzee alitaka vitanda mia nne, kwa mafungu, mwaka mzima. Kilindo ikiwa na mwaka wa neema huuza mia moja na hamsini. Walikuwa wameelewana kwa ujumbe wa sauti, Kiswahili kitupu, marhaba juu ya marhaba. Kilichobaki ni fomu.

"Shemeji, ijaze hii iondoke leo," alisema, akaziweka kurasa tatu mezani kwa Johari.

Johari akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza ulitaka kampuni ithibitishe kwamba hakuna kitanda wala msumari wa kitanda uliotoka Israeli. Wa pili ulitaka ithibitishe kwamba haifanyi biashara na yeyote aliyemo katika orodha ya waliosusiwa kwa ajili ya nchi hiyo. Wa tatu ulikuwa na jedwali la wafanyakazi. Jina. Kazi. Mahali alikozaliwa. Dini. Safu ya nne, ile ya dini, ilichorwa pana kuliko zote, kana kwamba ndimo watu wangekuwa na mengi ya kueleza.

Nkatha alikuwa anasoma nyuma ya bega lake. "Haki, mimi mtaniandika nini? Methodisti wa Nkubu? Watatafuta hiyo Nkubu kwa ramani mpaka wachoke."

Johari hakucheka, na hapo Nkatha akajua mambo yameharibika.

Jambo hili Johari alikuwa amelisoma katika darasa la jioni la nyaraka za usafirishaji, akalipigia mstari. Aliwaeleza taratibu. Sheria ya Marekani haimruhusu mfanyabiashara wa hapa kujiunga na ususiaji ulioamriwa na serikali ya nje dhidi ya nchi ambayo Marekani ni rafiki yake. Ukiletewa maswali ya namna hii, huyajibu. Tena unatakiwa uiarifu serikali kwamba umeulizwa. Kuandika kwamba vitanda vimetengenezwa Marekani, ruhusa. Kuandika kwamba havikutengenezwa kule, hapana. Na kumpa mtu dini za wafanyakazi wako ili achague nani wa kufanya naye kazi, hiyo ni hapana kubwa kuliko zote.

Taufiq alikaa kwenye pembe ya meza na kumsikiliza kwa subira ya mtu anayengoja mvua ipite. Alisema hizo ni sheria za makampuni ya ndege na mafuta. Nani atahangaika na watu wanne nyuma ya duka la vigae? Na kama ni habari ya Ethan, asijali, ameshalipangia. Watamtoa kwenye orodha na kumwambia Mzee Sheha kwamba huyo ni kibarua wa wakala, mtu wa kuja na kuondoka. Kazi yake palepale, mshahara wake uleule, ila jina halitaonekana.

"Mzee Sheha amejuaje kwamba kuna Ethan?" Johari aliuliza.

Taufiq aliitazama mashine ya kahawa. Halafu, kwa kuwa ni mtu asiyejua kuficha jambo kwa muda mrefu, akafungua simu wakasikiliza.

Sauti ya Mzee Sheha ilikuwa ya upole. Iliulizia afya, ikaulizia watoto, ikaulizia baridi ya huko kwenu. Kisha ikauliza: na hapo kazini mko watu gani, mwanangu, ni watu wetu? Taufiq alilelewa mahali ambapo mgeni huulizwa wa nani na wa mtaa gani kabla hajaonyeshwa kiti, na alijibu kama alivyolelewa. Alimmwagia mzee nyumba nzima. Yeye mwenyewe wa Mji wa Kale, marehemu baba yake muuza vitambaa. Shemeji yake wa Wete, watu wa dini sana. Nkatha Mmeru, Mkristo lakini mpole.

"Na mmoja Myahudi," sauti yake ikaendelea kwenye simu, changamfu kabisa, "lakini huyo wa bohari tu, hagusi nyaraka."

Simu ikanyamaza. 

"Mpole," Nkatha alirudia. "Asante, bosi."

Taufiq alianza kujitetea. Yale yalikuwa maamkizi. Mtu mzima amekuuliza nyinyi ni watu gani, utamwambia ngoja nikasome sheria? Na isitoshe walizungumza Kiswahili. Serikali ya Washington imejulia wapi Kiswahili?

"Sheria haikuuliza lugha," Johari alisema. "Wewe ulikuwa unaamkiana, shemeji. Mwenzio alikuwa anaandika."

Jioni hiyo alikwenda bohari kumwambia Ethan, maana aliona ni aibu jina la mtu lifutwe na mwenyewe asijue. Alimkuta chini ya kitanda, miguu tu inaonekana. Ethan ndiye aliyemwelekeza kazi alipofika, fomu kwa fomu, siku ambazo Johari alikuwa akiiogopa hata kalamu, na Kiswahili chake chote alikuwa amekiokota humohumo: pole, haraka, na matusi mawili ya Kimeru aliyofunzwa na Nkatha akidhani ni salamu.

Alisikiliza akiwa amelala chini vilevile. Halafu akatoka, akajifuta mikono, akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba angeondoka mwenyewe. Kuna karakana Manassas ingemchukua hata kesho. Vitanda mia nne si mchezo, na hakutaka Nkatha akose kazi kwa ajili yake. Alilisema kwa utulivu, kama mtu aliyeshawahi kulisema mahali pengine, na utulivu huo ndio uliomuudhi Johari. Alikumbuka ofisi moja ya Rockville alikokwenda kuomba kazi, yule mama wa mapokezi aliyemuuliza kwa tabasamu pana kama hicho kitambaa cha kichwani hawezi kukivua saa za kazi tu. Naye siku ile aliitikia kwa utulivu, akaaga, akaenda kulia ndani ya treni.

"Usinifanyie wema wa namna hiyo," alimwambia. "Wewe ukitoka leo kwa karatasi, kesho kutwa italetwa karatasi ya kunitoa mimi. Kaa hapo. Maliza kitanda."

Ethan akarudi chini ya kitanda.

Siku ya pili Johari aliipigia simu ofisi ya serikali inayotoa ushauri juu ya sheria hizo. Akapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya mafua, na akamuuliza kama swali la mdomo, kwa lugha ya kigeni, ndani ya simu ya mkononi, nalo linahesabiwa. Akaambiwa linahesabiwa. Akauliza kama mtu aliyejibu vibaya anaweza kujitangaza, yaani kukiri mwenyewe, kabla hajagundulika. Akaambiwa anaweza, na ni bora sana kwake. Akaandika yote kwenye daftari, akamwambia yule mwanamke anywe tangawizi.

Jumatano baada ya chakula cha mchana, Taufiq alikuja na fomu ameijaza mwenyewe. Wafanyakazi watatu. Dini tatu zimeandikwa kwa mkono wake, Ethan hayumo. Ilikosa kitu kimoja tu, saini ya afisa wa nyaraka, na afisa wa nyaraka alikuwa mbele yake anamenya chungwa.

Safari hii hakupiga mluzi. Alifunga mlango, akashusha sauti. Alimkumbusha Johari vitu alivyoviondoa jikoni kwake, kimoja kimoja, kwa uchungu wa yanayowapata watu wa Gaza. Alimkumbusha siku aliyosimama Washington kwenye baridi ameshika bango hadi vidole vikafa ganzi, na yeye Taufiq ndiye aliyemfuata kwa gari. Leo mtu huyohuyo anataka kumshtaki Mzee Sheha kwa serikali? Watu wakisikia, pale msikitini atapita mlango gani?

Johari aliliweka chungwa chini.

"Jikoni kwangu nasusia nikitakacho, na hakuna serikali itakayokuja kunifungulia friji," alisema. "Lile bango nililibeba mwenyewe, na Jumamosi nikitaka nitalibeba tena. Lakini nikisusia, nasusia kwa uchungu wangu. Sisusii kwa kuagizwa na fomu. Na simsusii Ethan."

"Hii ni kampuni yangu."

"Ni yako. Saini ni yangu."

Taufiq aliisukuma fomu karibu na chungwa. Kisha akasema lile ambalo wote wawili walijua lilikuwa njiani. "Ukiipeleka hiyo ripoti, Jumatatu usije."

"Jumatatu ni mbali, shemeji. Ripoti imekwenda tangu saa nne asubuhi."

Alivuta mtoto wa meza akamwonyesha nakala, na chini yake ile saini nzuri ya mviringo. Akamwonyesha na karatasi ya pili, cheti alichokwisha kumtumia Mzee Sheha, kinachosema kwamba vitanda vya Kilindo vimetengenezwa Marekani, na hakisemi zaidi, pamoja na mstari mmoja wa kumweleza kwamba fomu yake haijazwi. Fomu ya kurasa tatu aliirudisha mikononi mwa shemeji yake. Na mwisho akampa maelekezo ya jinsi mtu anavyojitangaza, ameyachapa kwa herufi kubwa kwa kuwa Taufiq hakubali kwamba anahitaji miwani.

"Haya siwezi kukuandikia," alisema. "Mdomo ulikuwa wako."

Alhamisi Taufiq alijifungia ofisini. Walimwona kupitia kioo akiandika, akichana, akiandika tena. Kiingereza cha kuuza anacho, anaweza kumuuzia daktari kitanda na daktari akamshukuru. Kiingereza cha kuandika ndicho kinachomtoa jasho. Miaka sita hakuna barua yake iliyotoka Kilindo bila kupita kwa Ethan, maana yeye hunyunyiza nukta na mikato kama mtu anayelisha kuku.

Saa tisa akatoka na karatasi moja. Akasimama katikati ya ofisi kama aliyesahau njia. Akaenda bohari.

Nkatha alikurupuka kwenda kutafuta utepe wa kufungia maboksi, ingawa tepe tatu zilikuwa mezani kwake, na ndiye aliyemletea Johari habari nzima baadaye. Ethan aliifuta mikono, akachukua kalamu sikioni, akaanza kusoma kama siku zote. Akasahihisha tahajia mahali fulani. Akaondoa mkato. Akafika pale ambapo Taufiq alitakiwa kueleza, neno kwa neno, alichomwambia Mzee Sheha, na kalamu ikasimama. Imeandikwa kwamba yuko mmoja Myahudi, ila huyo ni wa bohari tu, hagusi nyaraka.

Ethan aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Akasema hakuna kosa la Kiingereza hapo. Ila si kweli, maana hii anayoigusa sasa ni nyaraka.

Taufiq aliinyooshea mkono kalamu ili aikate ile sentensi. Ethan akamzuia. Alimwambia aiache, kwa sababu aliisema, na ripoti inataka alichokisema. Akitaka aandike chini yake kwamba alikosea. Basi Taufiq akaegemea kitanda cha wagonjwa akaandika mistari miwili, mkato mmoja haupo mahali pake, na Ethan hakuusahihisha.

"Na wewe ulikuwa wapi muda wote huo?" Johari alimuuliza Nkatha.

"Nilikuwa natafuta utepe."

Ijumaa walikwenda msikitini kwa gari moja, Taufiq anaangalia barabara, Johari anaangalia miti isiyo na majani. Hakujua kama Jumatatu ana kazi. Alijua tu kwamba usiku alilala usingizi mzito, na kwamba hakuwahi kulala hivyo mwaka ule wa karatasi za bibi. Waliporudi, Ethan alikuwa kwenye simu mahali pake, ameandika majina ya waliopiga kwa mpangilio wake.

Saa tisa na dakika ishirini ujumbe wa Mzee Sheha ukaingia. Taufiq aliuweka mezani wote wausikie.

Mzee aliamkia kama kawaida, hakupunguza hata kimoja. Kisha akasema cheti amekipata, ni kizuri, lakini wakubwa wake wanataka fomu yao. Miaka thelathini anaituma duniani kote, na hii ndiyo mara ya kwanza kurudishiwa jibu kwamba haijazwi. Kwa hiyo vile vitanda mia nne atavitafuta pengine, wasimlaumu. Nkatha alishusha pumzi ndefu akakaa. Ethan, koti nusu mwilini, aliangalia sakafu, kwani kwa nyuso zao tu alishaelewa.

Lakini ujumbe haukuwa umekwisha. "Hebu niambie, mwanangu," sauti ikasema, na ilikuwa na udadisi wa kweli, "huyo mwanamke aliyekataa, ni wa nani huyo? Watu wa wapi?"

Taufiq aliinua simu mdomoni, akabonyeza, akavuta pumzi. Wote waliona jibu zima limeshajipanga, Wete na ukoo wake, mume na ukoo wake. Kisha akaachia kitufe. Akanyoosha mkono akampa Johari simu.

"Shikamoo, Mzee Sheha," Johari alisema. "Mimi ni Johari wa Kilindo, Sterling, nyuma ya duka la vigae. Vitanda tunavyo, vizuri, vinakunja hadi magoti. Siku hospitali zenu zitakapovitaka kwa cheti kile nilichokuletea, nipigie, vitaondoka. Haya mengine unayouliza yamo kwenye safu ya nne, na hapa kwetu safu ya nne haijazwi. Nisalimie nyumbani."

Akatuma, akamrudishia Taufiq simu yake, akaanza kukusanya vitu vyake mezani. Miwani, daftari, kikombe.

"Hicho kikombe unakipeleka wapi?" Taufiq aliuliza.

"Uliniambia Jumatatu nisije."

Taufiq aliitazama ratiba ya kalamu nyekundu, akatazama saa. "Jumatatu uje mapema," alisema, akizungumza na ratiba. "Hatuna mnunuzi. Mtu wa kuandika barua nzuri atahitajika." Akaongeza: "Na wa kuzisahihisha."

Kisha akamgeukia Ethan akafungua kiganja. Ethan akauweka humo ufunguo wa foklifti, akamalizia kuvaa koti, akamwambia Nkatha lile tusi lake la Kimeru la kuagia. Nkatha akamwitikia kwa heshima zote.

Taufiq akapanda foklifti. Kama kila Ijumaa, aligonga nguzo kabla hajafika kwenye mzigo wa kwanza.

"Moja," Nkatha akahesabu.

Johari akakirudisha kikombe mezani.